Amelia Earhart alipoteaje wakati meli ilikuwa inamsikia kabisa?

Swali limetoka kwa binti wa kidato cha tano, anachukua PCM na anataka kuwa rubani. Ameandika hivi: "Shikamoo babu. Kila siku kwenye simu naletewa video za Amelia Earhart, mara alitekwa na Wajapani, mara aliliwa na kaa kisiwani, mara hakuwa anajua kurusha ndege vizuri ni mume wake tu alikuwa anampigia promo. Mi ninachoshindwa kuelewa ni kitu kimoja, kama alikuwa na redio na meli ilikuwa inamsubiri pale pale kisiwani, alipoteaje? Na huyo mama alikuwa rubani kweli au ni jina tu?"

Marahaba mjukuu wangu, na hiyo PCM usiiache. Umeuliza swali lenyewe hasa, maana wengi wanaoniuliza habari za Amelia wanaanzia kwa Wajapani, we umeanzia kwenye redio, na mimi nimekaa na redio za ndege karibu miaka thelathini, kazi yangu ilikuwa kumsikiliza rubani na kuhakikisha na yeye ananisikia, kwahiyo hii habari huwa inaniuma sana hata leo. Kwa kifupi ni kwamba Amelia, rubani Mmarekani aliyepotea juu ya Pasifiki mwaka 1937 akijaribu kuizunguka dunia, alisikika vizuri mpaka mwisho ila yeye hakuwasikia, na mambo yaliyosababisha hivyo yalianza kujipanga miezi kadhaa nyuma, moja moja, kila moja likionekana dogo. Sasa kaa nikueleze.

Tuanze na hilo la urubani maana bila hilo hiyo asubuhi ya mwisho hutaielewa.

Amelia kazaliwa tarehe 24 Julai 1897 mji wa Atchison, jimbo la Kansas, Marekani, kwenye nyumba ya babu yake mzaa mama aliyekuwa jaji. Upande wa mama walikuwa na uwezo, upande wa baba hapakuwa na utulivu, baba yake Edwin alikuwa mwanasheria wa mambo ya reli na pombe ilimharibia kazi, ikawa familia inahama hama. Huyu mtoto alikuwa na daftari anabandika vipande vya magazeti vinavyozungumzia wanawake waliofanya kazi ambazo watu walisema ni za wanaume. Wakati wa vita kuu ya kwanza alikwenda Toronto kumtembelea mdogo wake, akaona askari waliokatwa miguu wanarudi toka Ulaya, masomo akayaacha akabaki kuhudumia majeruhi kwenye hospitali ya jeshi. Huko huko akaugua kipindi cha yale mafua ya 1918 na tangu hapo sainasi zikawa zinamtesa maisha yake yote, na we fikiria mwenyewe, mtu mwenye sainasi anapanda futi 10,000 na kushuka kwenye ndege za zamani ambazo hazikuwa na mfumo wa presha ndani, kichwa kinapasuka, na hakuacha.

Tarehe 28 Desemba 1920 huko Long Beach, California, baba yake alilipa dola 10 apandishwe ndege kwa dakika 10 na rubani anaitwa Frank Hawks. Zilitosha. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 1921, ameshaanza darasa la kurusha ndege, na mwalimu wake alikuwa mwanamke mwenzake, Neta Snook. Hela za masomo alizitafuta kwa vibarua, kimojawapo kampuni ya simu. Ndege yake ya kwanza ilikuwa Kinner Airster ya rangi ya njano, akaipa jina la yule ndege mdogo wa njano, chiriku. Oktoba 1922 akapaa nayo mpaka futi 14,000 na kuweka rekodi ya wanawake, na 1923 akapata leseni ya shirikisho la kimataifa la urubani, akiwa mwanamke wa 16 Marekani kuipata. Hapo bado hajajulikana na mtu, hana mume, wala hana mpiga promo.

Alafu hela zikakata. Ndege akauza, akaenda Boston kufanya kazi za ustawi wa jamii kwenye nyumba ya kusaidia wahamiaji inaitwa Denison House, anafundisha Kiingereza na kulea watoto. Na hapo ndipo simu ilipomkuta mwaka 1928, kulikuwa na mama tajiri anaitwa Amy Guest alitaka mwanamke avuke bahari ya Atlantiki kwa ndege, mwenyewe familia ikamkatalia, basi wakatafuta mtu mwingine. Amelia akapanda ile Fokker iliyoitwa Friendship, wakatoka Trepassey kule Newfoundland tarehe 17 Juni, wakatua Burry Port, Wales, baada ya saa 20 na dakika 40. Waliorusha walikuwa wanaume wawili, Wilmer Stultz rubani na Lou Gordon fundi. Yeye hakugusa usukani. Walipofika umati ukamkimbilia yeye, na yeye mwenyewe akasema wazi kwamba alikuwa mzigo tu, kama gunia la viazi.

Kwahiyo hayo maneno ya "jina tu" yana pa kuanzia, na mwenye mradi wa kulikuza jina hilo alikuwa kweli George Putnam, mchapishaji vitabu, ambaye alikuja kumuoa Februari 1931. Putnam alijua biashara, hotuba, vitabu, nguo, mabegi ya safari yenye jina la Amelia. Lakini hata huyo Putnam kabla ya ndoa alipewa barua, Amelia kamuandikia kwamba anaogopa ndoa itamzuia kazi yake, na kama ndani ya mwaka mmoja hawajapata furaha basi amuachie aende. Mwanamke wa 1931 huyo. Na miaka miwili kabla, 1929, alikuwa miongoni mwa marubani wanawake walioanzisha chama chao kinachoitwa Ninety-Nines, kwa sababu walioitikia walikuwa 99, na yeye ndo akawa rais wao wa kwanza. Chama kipo mpaka leo, kitafute ukishapata leseni.

Sasa twende Mei 1932. Tarehe 20 jioni alitoka Harbour Grace, Newfoundland, peke yake kwenye Lockheed Vega nyekundu, miaka mitano kamili baada ya Lindbergh, Mmarekani wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amevuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake kwa ndege tangu Lindbergh. Usiku huo kifaa cha kuonyesha kimo kikafa, maana yake yuko gizani juu ya bahari hajui yuko juu kiasi gani. Akapanda juu kukwepa mawingu, barafu ikashika mabawa, ndege ikamponyoka ikashuka inazunguka mpaka akaona mawimbi karibu kabisa ndo akaituliza. Akishuka chini ukungu, akipanda juu barafu, basi akatafuta katikati ya hivyo viwili. Huku ekzosi imepasuka anaona moto unatoka kwenye ufa, na alipofungua tanki la akiba akakuta mafuta yanavuja mpaka yanamdondokea shingoni. Alikuwa anaelekea Paris, akaona hapana, nchi kavu ya kwanza ninatua, akashuka kwenye malisho ya ng'ombe huko Culmore karibu na Londonderry, Ireland ya Kaskazini, baada ya saa 14 na dakika 56. Mtu wa shamba akamuuliza umetoka mbali? Akasema nimetoka Marekani.

Mpiga promo gani anakuokoa usiku kama ule? Na Januari 1935 akatoka Hawaii mpaka Oakland peke yake, kilomita karibu 3,900 za maji matupu, na hapo alikuwa mtu wa kwanza kuifanya, simaanishi mwanamke wa kwanza, mtu wa kwanza. (Na kwa kuwa we ni wa huku kwetu, ujue Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekulia Njoro, Kenya, na kujifunza urubani huko huko Kenya, alivuka Atlantiki peke yake toka Uingereza kwenda magharibi, upepo wote unamjia usoni, akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia akiwa hai. Huyo naye anastahili barua yake peke yake.)

Ukiniuliza mimi kama mtu wa kazi hii, nitakwambia Amelia alikuwa na moyo mkubwa sana, uvumilivu wa ajabu, na mkono wa kawaida mzuri kwenye usukani. Walikuwepo wanawake waliomzidi kwa ufundi. Ila alikuwa na udhaifu mmoja ambao haukumgharimu kwa miaka 16 kwa sababu alikuwa analenga mabara. Redio hakuipenda, na hakuipa muda.

Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilimchukua kuwa mshauri wa wanafunzi wa kike, na mfuko wa chuo ukasaidia kumnunulia ndege ya injini mbili, Lockheed Electra 10E, akaipata Julai 1936. Mpango ukawa kuizunguka dunia kwa kufuata ikweta, njia ndefu kuliko zote, kama kilomita 47,000. Wengine walishazunguka dunia kwa njia fupi ya kaskazini, hii ya katikati hakuna.

Na hapa mjukuu wangu kuna jina ambalo video zako hazilitaji, Harry Manning. Huyu alikuwa nahodha wa meli na fundi wa redio, anajua alama za Morse, zile za kutuma ujumbe kwa milio mifupi na mirefu, kama anavyojua kusema. Safari ya kwanza ilianza Machi 1937 kwenda magharibi, toka Oakland mpaka Honolulu, ndani wakiwemo Amelia, Manning, Fred Noonan, na mshauri wake wa ufundi Paul Mantz. Tarehe 20 Machi wakati wa kuruka toka Honolulu ndege ikayumba ikazunguka chini, magurudumu yakavunjika, ikarudishwa California kwa meli kutengenezwa. Matengenezo yalipokuwa yanaendelea Manning akaondoka, likizo yake imeisha. Akabaki Noonan, ambaye kwa kusoma nyota na jua na kukuambia uko wapi baharini alikuwa miongoni mwa bora duniani, ni yeye aliyesaidia kufungua njia za ndege za Pan American kuvuka Pasifiki. Lakini kwenye Morse Noonan hakuwa na kasi, na Amelia naye hivyo hivyo. Mtu pekee aliyekuwa anaongea lugha ya meli za wakati ule katoka kwenye ndege na nafasi yake haikujazwa.

Cha pili, ile ndege ilikuwa na antena ya waya mrefu unaoning'inizwa nyuma, unaukunjua hewani na kuukunja kabla ya kutua, kazi yenye kuchosha. Kabla hawajatoka Miami tarehe 1 Juni kwa safari ya pili, safari hii wanaelekea mashariki, ule waya ukaondolewa. Bila ule waya, masafa ya redio ya chini, ya kilohezi 500 (kilohezi ni kipimo cha masafa ya redio), ambayo ndo meli zote zilikuwa zinatumia kutafutia uelekeo, hayakuwa na maana tena kwenye ndege hiyo. Kumbuka hiyo namba 500, tutairudia.

Wakapita Amerika ya Kusini, wakavuka Atlantiki toka Natal ya Brazil kuja kwetu Afrika, na kilichotokea hapo huwa nakifundisha. Walikuwa wanalenga Dakar. Walipokaribia pwani, Amelia kaandika mwenyewe kwamba Noonan alimpa karatasi inayosema kata kusini, yeye akahisi vingine akakata kaskazini, wakatokea Saint-Louis ya Senegal, zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya Dakar. Haikuwa na madhara, kesho yake wakaruka mpaka Dakar, baada ya hapo Gao, Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, El Fasher, Khartoum, Massawa na Assab pale Bahari ya Shamu, alafu moja kwa moja Karachi. Afrika ilimsamehe kosa lake kwa sababu pwani ya Afrika ni ndefu, ukiikosea mahali ulipolenga bado utagonga nchi kavu. Baadaye wakapita Calcutta, Rangoon, Bangkok, Singapore, Bandung, Darwin, na tarehe 29 Juni wakatua Lae, New Guinea. Wameshamaliza kama kilomita 35,000, zimebaki 11,000 na zote ni Pasifiki.

Sasa Howland, ambako ndiko walikotakiwa kutua wakitoka Lae. Ni kisiwa chenye urefu kama kilomita 2.4 na upana usiofika kilomita moja, kimelala chapati, sehemu ya juu kabisa ni kama mita 6 tu toka usawa wa bahari. Hakina mlima wala miti mirefu, na kipo kilomita 4,113 toka Lae. Kwa kupima na vya huku kwetu, ni kama umetoka Dar es Salaam unaenda kukitafuta kisiwa kidogo kama Bongoyo na umbali wenyewe ni kupita kidogo ule wa Dar mpaka Muscat, njiani hamna kitu, nusu ya safari ni usiku. Na ramani waliyokuwa nayo kile kisiwa kilikuwa kimechorwa pembeni ya mahali pake halisi kwa karibu kilomita 9. Noonan angeweza kukufikisha jirani, hata kilomita 20 au 30, na kwa saa 20 za kuruka huo ni ufundi mkubwa kabisa. Hizo kilomita za mwisho zilitakiwa kumalizwa na redio. Mpango mzima ulisimama hapo.

Pale kisiwani walinzi wa pwani wa Marekani walikuwa wameleta meli inaitwa Itasca. Na hapa kila upande ulikuwa na mpango wake kichwani na hakuna aliyehakikisha kuwa mwenzake ana mpango huo huo. Amelia alidhani meli itasikia sauti yake kwenye kilohezi 3105, ipime uelekeo imwambie njoo hivi. Meli yenyewe kifaa chake cha kutafuta uelekeo kilikuwa kinafanya kazi kwenye yale masafa ya chini ya 500, kwa 3105 hakiwezi. Meli ilidhani yeye ndo atapima uelekeo toka kwao. Yeye akaomba watume kwenye 7500, na ndege yake kwa masafa makubwa kiasi hicho haikuweza kupima uelekeo wa maana. Kulikuwa na kifaa kingine cha masafa ya juu kimeazimwa na kuwekwa kisiwani kwenyewe, kinatumia betri, kikawashwa usiku kucha na ilipofika asubuhi alipohitajika betri zimeshachoka. Hata saa hazikulingana, Amelia alitumia saa za Greenwich, meli ilikuwa nyuma ya Greenwich kwa saa 11 na nusu, hiyo nusu inatosha kuwafanya watu wawili wasikilize kwa dakika tofauti.

Na kule Lae, siku moja kabla, alijaribu ndege angani na akashindwa kupata uelekeo wa kituo cha pale. Akasema labda ni kwa sababu yuko karibu sana na mawimbi ni makali mno. Ningekuwa pale ningemshika mkono, jaribio likifeli hurudii maelezo, unarudia jaribio.

Tarehe 2 Julai 1937 saa 4 asubuhi ya Lae wakaruka na zaidi ya galoni 1,000 za mafuta, ndege nzito mpaka ilipomaliza uwanja ikazama kidogo kuelekea maji ndo ikainuka. Ipo filamu ya mruko ule, na wachambuzi walioiangalia picha kwa picha wanaona kwamba antena ya chini ya tumbo, iliyokuwa ya kusikilizia, huenda iling'oka pale pale kwenye uwanja. Mi naliamini hilo, maana linafafanua kila kitu kilichofuata. Mchana Lae walimsikia vizuri, jioni akatoa mahali alipo karibu na visiwa vya Nukumanu, yuko kwenye njia sawasawa. Noonan alikuwa anafanya kazi yake.

Usiku wa manane Itasca wakaanza kumsikia kwa mbali, anasema kuna mawingu. Mawingu ni nyota hazionekani, kwa hiyo Noonan hapimi. Karibu na alfajiri akasema wako kama maili 200, anaomba wampime uelekeo, atapiga mluzi kwenye maikrofoni. Nusu saa baadaye anasema maili 100. Ndege ile haiwezi kwenda maili 100 kwa nusu saa, kwahiyo ujue hizo zilikuwa hesabu za kukadiria. Saa 1:42 asubuhi, sauti kubwa: "Lazima tuko juu yenu lakini hatuwaoni, mafuta yanapungua, tumeshindwa kuwapata kwa redio, tunaruka futi 1,000." Leo Bellarts, mkuu wa redio kwenye Itasca, alikuja kusema ile sauti ilikuwa kali kiasi kwamba alitoka nje kuangalia juu, akijua kabisa ataiona ndege. Meli inatoa moshi mweusi ionekane. Wanamjibu kwa sauti, wanamjibu kwa Morse, kimya.

Saa 2 kamili akasikia kitu, mara moja tu usiku ule wote, mawimbi yao ya 7500, bila shaka kwa kutumia antena nyingine, ya duara, iliyokuwa juu ya ndege. Akasema tumesikia ila hatupati uelekeo. Yaani mkono umegusana na mkono na umeteleza. Kama mmoja wao ndani ya ile ndege angekuwa anasoma Morse vizuri, kwenye hiyo 7500 hiyo hiyo meli ingeweza kumwambia badilisha hivi, fanya hivi. Nimekaa nikilifikiria jambo hili mara nyingi sana, na kila mara namfikiria Manning.

Saa 2:43 asubuhi ndo mara ya mwisho: "Tuko kwenye mstari 157 337, tunaruka kaskazini na kusini." Watu wanaifanya hii namba iwe fumbo, wala siyo fumbo. Jua lilipochomoza Noonan alilipima, na kipimo kimoja cha jua hakikupi nukta, kinakupa mstari. Jua la siku ile lilitokea upande wa nyuzi 67, mstari wenyewe unakata hapo kwa pembe mraba, ukipata 157 upande mmoja na 337 upande wa pili. Noonan aliusogeza ule mstari mpaka ukapita Howland, wakaufikia, kisiwa hakipo. Kwahiyo alijua yuko mbali kiasi gani toka Lae, alichokuwa hajui ni kama kisiwa kiko mkono wake wa kushoto au wa kulia. Unaenda kaskazini kidogo, unarudi kusini, na geji ya mafuta inashuka. Na jua la asubuhi juu ya bahari, mawingu madogo yanaweka vivuli kila mahali na kila kivuli kinafanana na kisiwa. Akasema anahamia 6210 kurudia ujumbe. Kwenye 6210 hawakumsikia tena.

Msako ulikuwa mkubwa kuliko wowote wa aina yake mpaka wakati ule. Ikaja meli ya vita Colorado, ikaja Lexington iliyobeba ndege, wakapekua eneo la kama maili za mraba 250,000, wakaacha tarehe 19 Julai. Tarehe 5 Januari 1939 mahakama huko Los Angeles ikamtangaza amefariki.

Kuhusu Wajapani nitakwambia haraka. Visiwa vya Marshall walivyovishika Wajapani viko zaidi ya kilomita 1,300 toka Howland, na mtu ambaye saa 1:42 anasema mafuta yanapungua, na sauti yake iko kali hivyo, hawezi kufika huko. Saipan, kisiwa kingine cha Wajapani kinachotajwa na kiko mbali zaidi, ndo usiseme. Ile picha iliyosambaa 2017, mwanamke amekaa kwenye gati wanasema ni Amelia mateka, mwanablogu mmoja wa Japan aliipata ndani ya siku chache kwenye kitabu cha safari kilichochapishwa 1935, miaka miwili kabla hajapotea. Basi.

Habari ya kuliwa na kaa kisiwani ina uzito zaidi na siidharau. Ule mstari wa 157 ukiufuata kusini unakufikisha kisiwa cha Gardner, siku hizi Nikumaroro, kama kilomita 650. Mwaka 1940 ofisa wa Kiingereza, Gerald Gallagher, alikuta huko mifupa 13 na boksi la sekstanti, kile kifaa cha kupimia jua na nyota. Daktari Hoodless huko Fiji akaipima 1941 akasema ni ya mwanaume, mifupa yenyewe ikapotea, na 2018 mtaalamu Richard Jantz akarudia hesabu za vile vipimo akasema inaendana na Amelia. Ila pale pale kisiwani kuna meli, Norwich City, iligonga mwamba 1929 na watu wakafa, mifupa inaweza kuwa yao. Na 2019 Robert Ballard, yule aliyeipata Titanic, alipekua maji ya pembezoni mwa kisiwa hakupata hata kipande cha ndege. Wanaoamini Nikumaroro ni watu makini, wamefanya kazi miaka mingi, na mimi bado naona hesabu ya mafuta haiwaruhusu, ukichukua alichosema mwenyewe kwa mdomo wake.

Mi naamini yuko karibu na Howland, chini. Bahari pale ina kina cha kama mita 5,000, giza tupu na baridi, na kila msako wa sona, yaani kutafuta chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, ni wa gharama kubwa. Mapema 2024 kampuni moja ilionyesha picha ya sona yenye umbo la ndege, mpaka mabawa, nikakaa usiku nikiiangalia, na Novemba mwaka ule ule walipoirudia kwa karibu ikawa ni mwamba. Nilisikitika kama nimefiwa upya.

Pale Howland walikuwa wametengeneza viwanja vya kutulia kwa ajili yake, wakasafisha na mawe. Desemba 1941 Wajapani wakapiga kisiwa mabomu na vijana wawili waliokuwa wanakikalia wakafa, na tangu vita iishe hakina mtu, ni ndege wa baharini tu. Umebaki mnara mfupi ufukweni wa kuongozea meli mchana, umepewa jina lake. Hakuna ndege iliyopata kutua pale ikiwa imetoka Lae.